Bunduki ya upepo ya marehemu babu: itengenezwe au iachwe?

Swali limetufikia kutoka Gonja, wilayani Same, nalo tumeona si la nyumba moja tu. Baba mmoja wa Maore amerithi bunduki ya upepo kutoka kwa marehemu mzazi wake. Ni ile ya kukunja mtutu, ya bei ndogo tangu siku iliponunuliwa, na kwa miaka kadhaa imelala darini ndani ya gunia. Sasa mpunga unashika punje, ndege wameanza kushuka, na kijana wake wa miaka 13 ameiteremsha na kukuta kwamba risasi inadondoka hatua chache tu mbele ya mtutu. Fundi wa mnadani ametaja ujira unaokaribia bei ya mbuzi mdogo. Mama watoto hataki hata kuisikia habari hiyo. Wote wawili wametaka tuwape rai.

Tunaanza na swali ambalo fundi hawezi kulijibu, nalo ni hili: bunduki hiyo ikipona, itafanya kazi gani? Chombo hutengenezwa kwa ajili ya kazi. Jembe lililovunjika mpini halina mjadala, kwa sababu kesho asubuhi litahitajika shambani. Bunduki ya upepo haiko hivyo, na hapa ndipo baba na mama wa nyumba hii wanapopishana bila ya wao wenyewe kutambua. Baba anaihesabu kuwa ni chombo cha shamba, mama anaihesabu kuwa ni hatari iliyomo nyumbani.

Ama shamba, anayeijua tambarare ya Gonja na Ndungu anajua adui wa mpunga ni nani. Mabonde yale yanayopata maji ya mto Yongoma, pamoja na skimu ya umwagiliaji ya Ndungu iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, hutembelewa na kweleakwelea. Ndege hawa hawaji mmoja mmoja. Huja kama wingu, wakatua, wakainuka, wakatua tena. Mwenye bunduki ya upepo hupakia risasi moja, hukunja mtutu, hulenga, hufyatua, kisha huanza upya. Akiwa mahiri sana ataua ndege mmoja wakati mamia wanakula nyuma ya mgongo wake. Na mlio wake ni mdogo mno, hauwatishi walio mbali. Mtoto aliyepanda juu ya dungu akiwa na kopo, kamba zenye matambara na sauti yake mwenyewe huamia ndege vizuri zaidi kuliko bunduki hiyo ikiwa mpya kabisa. Kundi likiwa kubwa kupita nguvu ya kijiji, hiyo ni kazi ya kupeleka taarifa kwa afisa ugani mapema ili wataalamu waitwe, kwa kuwa kweleakwelea hupambanwa kwa ndege za kunyunyizia dawa mahali wanapolala.

Ngedere na nyani wanaoteremka kula mahindi na ndizi nao wana hesabu yao. Risasi ndogo ya upepo haimuui nyani, humjeruhi tu. Hukimbia nayo mwilini, kidonda kikaoza, akafa baada ya siku nyingi za maumivu au akabaki kilema. Hatuoni Mwislamu atasimama na hoja gani kwa jambo hilo. Isitoshe, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda mnyamapori bila kibali kwa sababu tu silaha yake ni ndogo. Gonja ina jirani mkubwa upande wa kaskazini-mashariki, nao ni Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na kupandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Juu milimani iko misitu ya Chome na kilele cha Shengena, ambako kuna ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho asiyepatikana popote duniani isipokuwa Upare ya Kusini. Kijana aliyezoea kupiga kila kinachoruka hawezi kumpambanua huyo na mwingine.

Panya wa ghalani wanabaki. Hapo tunakiri kwamba bunduki ya upepo inaweza kufanya kazi, karibu, usiku, mikononi mwa mtu mzima. Lakini paka hufanya kazi hiyo bila kununuliwa risasi.

Hata hivyo tusiifunge kesi mapema. Wapo wanaoipenda bunduki ya upepo kwa ajili ya kulenga shabaha, na kujifunza kulenga ni mchezo ambao Mtume (s.a.w.) aliwahimiza Maswahaba zake katika zama za upinde. Kipande cha ubao, boksi lililojaa mchanga, kilima cha udongo nyuma yake, na watu wazima wanaoshindana jioni baada ya Alasiri: hilo halina ubaya. Kwa mtu wa namna hiyo swali la kutengeneza ni swali la kweli, naye ndiye tunayemwandikia sehemu inayofuata.

Kabla ya bisibisi, sheria. Usemi wa mitaani kwamba "hii ni ya upepo tu" usikutie matatizoni. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ambayo inataka silaha imilikiwe kwa leseni, na kazi ya kutengeneza silaha nayo haikuachwa kwa kila mwenye nyundo. Aliyerithi bunduki kutoka kwa mzazi hakurithi kibali cha mzazi. Kwa hiyo hatua ya kwanza, ambayo nauli yake ni ndogo kuliko ujira wa fundi, ni kwenda kituo cha polisi au ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya mjini Same, bila ya kuibeba bunduki yenyewe barabarani, na kueleza: tuna kitu cha namna hii, kimeachwa na marehemu, tufanyeje? Jibu la huko laweza kuimaliza hesabu yote. Ikiwa gharama ya karatasi pamoja na safari za kwenda na kurudi kwa njia ya Kisiwani inazidi thamani ya bunduki, basi hakuna tena haja ya kuulizana juu ya springi.

Tuseme karatasi zipo. Tuitazame bunduki.

Ndani ya bunduki ya springi hamna gesi wala baruti. Ukikunja mtutu, mkono wa chuma unarudisha nyuma pistoni na kuikandamiza springi nene iliyo ndani ya bomba. Ukifyatua, springi inaachiliwa, pistoni inakimbia mbele, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla na kupita katika tundu dogo hadi nyuma ya risasi. Mbele ya pistoni kuna washa, ya ngozi katika bunduki za zamani na ya plastiki ngumu katika nyingi za sasa, inayozuia hewa isirudi nyuma. Mahali mtutu unapokutana na bomba kuna mpira mdogo wa mviringo, au ngozi, unaozuia hewa isitoke pembeni. Kwa maneno mengine ni pampu ya baiskeli iliyopewa hasira. Anayeifahamu pampu ya baiskeli amekwisha kufahamu nusu ya magonjwa yake.

Risasi ikidondoka karibu, kama ilivyo kwa ndugu yetu wa Maore, sababu ya kawaida kwa bunduki iliyokaa miaka darini ni ukavu. Ngozi ya washa hukauka na kusinyaa. Matone machache ya mafuta katika tundu la hewa, bunduki ikisimamishwa mdomo juu usiku kucha, yametosha kuzifufua bunduki nyingi za kale zenye washa ya ngozi. Lakini matone machache maana yake ni machache. Mafuta mengi ya mashine yakibanwa pamoja na hewa yanawaka ndani ya bomba kama inavyowaka dizeli katika injini; utasikia mlipuko, utaona moshi, na washa na springi vitaumia zaidi kuliko mwanzo. Walio na washa ya plastiki wasiweke kabisa mafuta ya cherehani wala ya pikipiki.

Ugonjwa wa pili ni ule mpira wa mviringo. Kipimo chake ni rahisi. Weka kipande chembamba cha karatasi laini juu ya maungio ya mtutu na bomba, kisha bunduki ifyatuliwe na mtu mzima, ikiwa na risasi, kuelekea gunia la mchanga. Karatasi ikirushwa, hewa inavuja hapo. Mpira huo hupatikana kwa bei ya kikombe cha chai katika maduka ya vipuri vya pampu na mabomba, na mara nyingine fundi viatu hukata wa ngozi ukakaa vizuri kuliko wa dukani. Huu ndio ubovu ambao tunasema bila kusita: tengeneza. Kadhalika skrubu za kitako zilizolegea, ambazo huifanya bunduki ipige huku na huko hadi mwenyewe akadhani mtutu umepinda. Kaza kwanza, kabla hujamlipa mtu.

Springi ni habari nyingine. Ikiwa wakati wa kukunja unasikia mkwaruzo, au nguvu inakuja kwa vipande, springi huenda imekatika. Springi iliyokatika huendelea kufanya kazi kwa unyonge, ndiyo maana wengi hawatambui. Kuibadilisha kunahitaji springi yenye urefu na unene wake hasa, na kwa bunduki za bei ndogo zisizo na jina, zilizoingia nchini kwa njia mbalimbali, kipuri halisi ni shida kukipata. Walio na Diana ya Kijerumani au BSA ya Kiingereza wana nafuu, kwa kuwa makampuni hayo yalitengeneza bunduki hizo kwa wingi na kwa vipimo vinavyojulikana. Mwenye bunduki isiyo na jina atapewa springi iliyokatwa kutoka chombo kingine, nayo ama itakuwa dhaifu, ama itakuwa kali mno na kuvunja yaliyobaki. Na isifunguliwe nyumbani. Springi hiyo imekaa ndani ya bomba ikiwa tayari imebanwa. Ukitoa pini inayoizuia bila ya kuwa na kibanio, inaruka na kila kilichoko mbele yake, na kilichoko mbele yake kwa kawaida ni uso wa anayeifungua.

Tumebakiza kifyatuo. Bunduki inayojifyatua yenyewe, inayofyatuka ikigongwa, au isiyoshika baada ya kukunjwa, imelika meno ya ndani ya kifyatuo. Mafundi wengi huyanoa kwa tupa, na kwa wiki kadhaa bunduki huonekana imepona. Sisi hatuoni kwamba imepona. Meno yale yalitiwa ugumu juujuu kiwandani. Tupa ikishaondoa ule ugumu, chuma laini cha chini hulika haraka zaidi. Katika bunduki za bei ndogo ambazo hupakiwa kwa kufungua dirisha la pembeni, hitilafu hiyo imewahi kukata vidole vya watu, kwa sababu pistoni hurudi wakati kidole kimo ndani. Kwa ubovu wa kifyatuo katika bunduki ya bei ndogo jibu letu ni moja: isitengenezwe, hata bure.

Basi ndugu yetu wa Maore amuulize fundi wake swali moja kabla ya kumpa hata shilingi: ujira unaokaribia bei ya mbuzi ni wa kurekebisha kitu gani? Ikiwa ni mpira na mafuta, ametozwa mno. Ikiwa ni springi na kifyatuo, ananunua matatizo. Fundi mwaminifu ataifungua mbele yake na kumwonesha kilichokufa.

Sasa tuingie katika jambo ambalo hutajwa kwa uchache, ilhali kwa familia ya Kiislamu ndilo lililopaswa kutangulia. Watoto wa mabondeni wanapopata bunduki ya upepo hawapigi ubao. Wanapiga njiwa, kanga na kwale, na nyama inafika jikoni. Je, inaliwa?

Neno letu "bunduki" lina historia inayogusa swali hili. Kwa Waarabu bunduq ni tunda gumu dogo la mviringo, kisha likawa jina la vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde kuua ndege, na mwishowe likahamia kwenye silaha za moto. Wanazuoni wa zamani walipoandika juu ya mawindo ya bunduki walikuwa wanavikusudia vile vidonge vya udongo. Imam an-Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho madrasa nyingi za pwani na bara ya Afrika Mashariki husomesha kwa kuwa wengi wetu ni Mashafii, anahesabu kilichokufa kwa kidonge hicho kuwa ni kilichouawa kwa kugongwa, na kilichokufa kwa kugongwa kimeharamishwa katika Suratul Maida, aya ya 3. Msingi mwingine ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwa Adi bin Hatim (r.a.): kilichotobolewa kwa ncha ya mshale kinaliwa, na kilichouawa kwa ubavu wake hakiliwi. Baadaye, silaha za risasi zilipoenea, wanazuoni akiwamo ash-Shawkani wa Yemen walisema risasi ya chuma inayotoboa mwili haifanani na kidonge cha udongo, na mawindo yake ni halali ikiwa mpigaji ametaja jina la Mwenyezi Mungu.

Risasi ya upepo iko wapi kati ya hayo mawili? Ni butu, nyepesi, na mara nyingine hutoboa na mara nyingine huvunja tu mbawa. Ndiyo maana njia iliyo salama ni kwamba ndege akipatikana yu hai achinjwe upesi kwa taratibu zake, na aliyekutwa amekufa aachwe, hadi sheikh wa mahali pale atoe kauli. Kijana wa miaka 13 aliyeko shambani peke yake, mwenye njaa na mwenye furaha ya kupata, hawezi kubebeshwa mzigo wa kupambanua hayo.

Na wakati mwingine hakuna nyama inayotafutwa. Imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliwapita vijana waliomfunga ndege na kumfanya shabaha, walipomwona walitawanyika, naye akawaambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Pia imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mughaffal (r.a.) katazo la kurusharusha vijiwe kwa vidole, kwa sababu haviwindi mawindo wala havimwondoi adui, bali huvunja jino na kupasua jicho. Tunapoisoma riwaya hii tunaiona bunduki ya upepo mikononi mwa mtoto kana kwamba imeelezwa.

Jicho. Mama wa nyumba ile ya Maore ana hoja hapo, nayo si woga wa kike kama baba alivyoieleza. Risasi isiyoweza kumuua nyani inaweza kutoboa jicho la mtoto kutoka upande wa pili wa uwanja, na ikigonga jiwe hurudi. Gonja ina hospitali yake Bombo, lakini jicho lililotobolewa ni la kupelekwa Moshi, KCMC, na safari hiyo hufanywa wakati kila saa ina hesabu. Watoto wa jirani huja kutazama. Mmoja ataomba ajaribu. Mwingine ataielekeza kwa mwenziwe kwa mzaha, na mzaha wa kumwelekezea ndugu yako silaha umekatazwa kwa maneno makali, hata kama ni ndugu wa baba na mama mmoja.

Liko na jambo la risasi zenyewe, lile kopo dogo la vipande vya kijivu vya milimita 4.5 au 5.5. Hiyo ni madini ya risasi, sumu inayoingia polepole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Vijana wana tabia ya kuzibana kwa meno wakati wa kupakia ili mikono ibaki huru. Hilo likomeshwe leo, bunduki iwe imetengenezwa au haijatengenezwa.

Rai yetu kwa nyumba hiyo ni kwamba bunduki isitengenezwe kwa ajili ya mpunga, wala kwa ajili ya kijana. Ikiwa baba anaitaka kwa shabaha yake mwenyewe, na polisi wamemwelekeza namna ya kuimiliki, na ubovu ni wa mpira au ngozi iliyokauka, aitengeneze kwa gharama ndogo hiyo na aifungie kwa kufuli, risasi zikikaa mahali pengine na ufunguo akiwa nao yeye. Ikiwa ni springi au kifyatuo, fedha ya mbuzi inunue mbuzi. Kijana naye asinyang'anywe tu akaachwa mikono mitupu. Ajengewe dungu zuri, apewe zamu pamoja na wenzake, na malipo yake yajulikane kabla ya mavuno.

Wanaoamua kuachana nayo wasiiuze kimyakimya mnadani, wala wasiitupe mtoni. Serikali katika miaka ya karibuni imekuwa ikitoa muda wa msamaha, hasa Septemba na Oktoba, kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha wasizozimiliki kihalali, na polisi huzipokea. Waulizeni utaratibu kabla ya kuibeba, ichukuliwe ikiwa tupu na imefungwa, aende nayo mtu mzima, na asiondoke kituoni bila ya karatasi inayoonesha kuwa imepokelewa. Kopo la risasi liende pamoja nayo.